Spishi, Aina na Jina: Kazi ya René Just Haüy katika Elimu ya Madini

Huko Longido, kaskazini mwa Tanzania, hupatikana jiwe ambalo mtu akiliona mara moja halisahau. Mwili wake ni wa kijani, ndani yake mna mabaka makubwa ya rangi ya damu ya mzee, na huku na huko yametapakaa madoa meusi. Wachongaji hulitengeneza sanamu na visanduku, na wafanyabiashara wa vito huliita anyolaiti, jina lililotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya kijani. Anyolaiti ni mwamba uliokusanya madini matatu pamoja: ule ukijani ni zoisaiti, ule wekundu ni yakuti, na ule weusi ni amfiboli.

Sasa tuseme karani amewekewa mbele yake fomu yenye safu iliyoandikwa "Aina ya Madini", naye anatakiwa aijaze kwa ajili ya jiwe hilo. Aandike anyolaiti? Aandike zoisaiti? Na kesho yake akiletewa tanzanaiti, aandike nini, maana wataalamu watamwambia kwamba tanzanaiti si kitu kingine ila zoisaiti yenye rangi ya buluu? Maswali ya namna hii humfikia kila anayeshughulika na istilahi, na aghalabu lawama huangukia Kiswahili, kwamba eti hakina maneno. Mimi sioni kwamba tatizo ni uhaba wa maneno. Tatizo ni neno moja, nalo ni aina, ambalo tumelitwisha mizigo miwili au mitatu kwa wakati mmoja, kisha tukalilaumu kwa kulemewa. Kifaransa nacho kilikuwa na mchafuko wa jinsi hiyo hiyo katika karne ya 18, na aliyefanya kazi kubwa ya kuuondoa alikuwa padri, mtoto wa mfumaji maskini, jina lake René Just Haüy. Jina hilo la mwisho hutamkwa takriban "Awii". H yake haisikiki.

Haüy alizaliwa tarehe 28 Februari 1743 katika mji mdogo wa Saint-Just-en-Chaussée, kaskazini ya Paris. Watawa wa monasteri ya mjini walimwona mtoto anapenda ibada na nyimbo za kanisani, wakaanza kumsomesha, na kwa shauri lao mama yake akampeleka Paris. Huko alianza kwa kuimba katika kwaya ya kanisa, kisha akapata nafasi ya kusoma bila malipo katika Collège de Navarre, ambako baadaye alifundisha. Akapata upadri, akahamia Collège du Cardinal Lemoine kufundisha Kilatini. Kufikia hapo hapakuwa na dalili yoyote kwamba mwalimu huyu angekumbukwa kwa mawe.

Lililombadilisha ni urafiki. Katika chuo hicho alikuwapo Charles François Lhomond, mtunzi mashuhuri wa vitabu vya sarufi ya Kilatini na Kifaransa, ambaye mapumziko yake yalikuwa kukusanya mimea. Haüy akajifunza elimu ya mimea ili apate cha kuzungumza na mwenzake wakitembea. Bustani ya Mfalme haikuwa mbali, na siku moja aliingia kusikiliza mihadhara ya Daubenton juu ya madini. Hapo akakumbana na jambo lililomtatiza. Ua la mmea wa spishi moja lina umbo lile lile popote liotapo, lakini madini yaliyo ya dutu moja huonekana kwa maumbo kumi, ishirini, hata mia. Kalsaiti, ambayo ndiyo dutu ya mawe ya chokaa, pengine huonekana kama mche wa pembe sita, pengine kama jino la mbwa, pengine kama mchemraba uliosukumwa ukalala upande. Je, maumbile yana utaratibu katika mimea, yasiwe nao katika mawe?

Kisa kinachofuata kimesimuliwa mno hata kimekuwa kama ngano. Haüy alikuwa akitazama mkusanyo wa mawe nyumbani kwa mtu mmoja mwenye mapenzi ya madini, na fuwele ya kalsaiti yenye umbo la mche wa pembe sita ikaanguka chini ikavunjika. Alipookota kipande akaona kwamba uso uliovunjika ni laini na unang'aa, na kwamba umeinama kwa pembe ile ile aijuayo katika kalsaiti safi iletwayo kutoka Iceland, ambayo umbo lake ni tofauti kabisa. Akarudi nyumbani, akachukua fuwele zake mwenyewe za maumbo mbalimbali, akazivunja moja moja. Zote zilipasuka zikaacha kiini kimoja: kibonge chenye nyuso sita, kila uso ukiwa rombasi, na pembe zake hazibadiliki. Jean-Baptiste Romé de l'Isle, bingwa wa fuwele wa siku hizo, alimkejeli kwa kumwita mvunja fuwele. Kejeli hiyo haikuwa ya haki, lakini kazi yenyewe iliielezea sawasawa.

Kutoka katika vipande hivyo Haüy alijenga nadharia aliyoichapisha mwaka 1784, nayo yaweza kueleweka na yeyote aliyepata kumtazama mwashi kazini. Chukua matofali madogo yaliyo sawa kwa urefu, upana na kimo. Yapange uwe na mchemraba mkubwa. Juu ya kila uso wa mchemraba huo weka tabaka jingine la matofali, lakini punguza safu moja kila ukingo. Juu yake tabaka la tatu, upunguze tena safu moja. Endelea hivyo hadi limebaki tofali moja kileleni. Sasa kila uso umebeba piramidi ya ngazi, na ngazi za piramidi mbili zilizo jirani hukutana zikafanya mteremko mmoja. Matofali yakiwa madogo hata jicho lisiyaone, ngazi hazitaonekana. Utakachokiona ni umbo lenye nyuso laini kumi na mbili za rombasi, ambalo ndilo umbo la kawaida la garneti. Ukipunguza safu mbili badala ya moja, utapata umbo jingine. Kila umbo la fuwele, alisema Haüy, limetokana na kiini kimoja kilichoongezewa matabaka yanayopungua kwa idadi nzima na ndogo ya safu: moja, mbili, tatu. Hakuna nusu safu wala robo. Kwa kanuni hiyo aliweza kukokotoa pembe za nyuso kabla ya kuzipima, na kwa kanuni hiyo hiyo akaonyesha kwamba lile umbo la nyuso kumi na mbili za pembetano sawa, walilolienzi sana wataalamu wa jiometri wa Kiyunani, haliwezi kuwa fuwele ya madini yoyote, kwa sababu uwiano wake hauandikiki kwa namba nzima.

Mfasiri asimame hapa kidogo. Tofali hilo la mwisho, lililo dogo kuliko yote, Haüy aliliita kwa Kifaransa molécule intégrante. Neno la kwanza linafanana mno na molekuli yetu, na ni rahisi mno kuandika "molekuli" na kuendelea na ukurasa unaofuata. Kufanya hivyo ni kumdanganya msomaji. Molekuli ya kemia ya leo ni kundi la atomu zilizofungamana; ya Haüy ni kipande chenye umbo la jiometri, kilicho kidogo kabisa kati ya vile vinavyoweza kupatikana bila kuharibu dutu yenyewe. Kinachokaribiana nacho katika elimu ya leo ni seli ya msingi ya fuwele, ijapokuwa seli nayo ni mpaka wa kufikirika wala si tofali. Kwa maandishi ya historia ya sayansi napendekeza chembe jenzi, kwa kuwa inasema kazi ya kitu chenyewe na haigongani na istilahi iliyokwisha shika mahali pengine.

Mwaka 1783 Haüy aliingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Baada ya hapo Mapinduzi ya Ufaransa yalimkuta. Alikuwa amekataa kiapo kilichotakiwa kwa mapadri, na mwezi Agosti 1792 alikamatwa akafungwa katika seminari ya Saint-Firmin pamoja na makasisi wengine. Waliosimulia maisha yake wanasema kwamba alichoomba ni kuletewa fuwele zake, na kwamba alizipanga mle ndani kana kwamba yuko chumbani pake. Rafiki zake walihangaika. Kijana Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, ambaye baadaye alipata sifa katika elimu ya wanyama, ndiye aliyemletea hati ya kuachiliwa. Inasemekana Haüy hakuona sababu ya haraka, akataka alale huko hadi asubuhi. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo umati uliingia katika magereza ya Paris, na wengi wa makasisi waliobaki Saint-Firmin waliuawa.

Utulivu huo haukuwa uoga. Mapema mwaka 1793 yeye na Lavoisier walipima uzito wa maji kwa ajili ya kizio kipya cha uzani, kile ambacho kwanza kiliitwa grave na mwaka 1795 kikawa kilogramu. Lavoisier alipokamatwa mwishoni mwa mwaka huo, Haüy na Borda waliandika kwa jina la tume ya vipimo kuomba aachiliwe. Padri aliyekataa kiapo, akiwaandikia wenye mamlaka ya siku zile kumtetea mfungwa! Ombi halikukubaliwa, na Lavoisier aliuawa tarehe 8 Mei 1794. Haüy hakuguswa. Alipewa kutunza mkusanyo wa madini wa serikali, na huko ndiko alikoandaa kitabu chake kikubwa, Traité de minéralogie, kilichotoka mwaka 1801. Mwaka uliofuata alichukua kiti cha elimu ya madini katika Jumba la Makumbusho ya Maumbile, baada ya kifo cha Dolomieu.

Hicho kitabu cha 1801 ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa istilahi. Ili kuona alichokifanya, yafaa kujua hali ya majina aliyoikuta. Wachimbaji, masonara na wakusanyaji walikuwa wakiyaita mawe kwa rangi, kwa ugumu, kwa mahali yalikotoka. Neno lililotumika vibaya kuliko yote lilikuwa shorli. Kwa asili lilikuwa jina la wachimba migodi wa Ujerumani kwa mawe meusi yaliyopatikana pamoja na bati. Baadaye kila fuwele ndefu, ngumu, isiyojulikana, ikaitwa shorli: palikuwa na shorli nyeusi, shorli ya kijani, shorli ya zambarau, shorli ya buluu, shorli nyekundu, shorli nyeupe, hata shorli ya volkano. Kivumishi kilifanya kazi ambayo nomino ilikuwa imeshindwa. Mtu akiyasoma majina hayo angedhani kuna kitu kimoja chenye rangi nyingi, kumbe kulikuwa na vitu saba ambavyo havina udugu wowote.

Haüy aliivunja shorli kama alivyozivunja fuwele. Kanuni yake ilikuwa kwamba spishi ya madini ni mkusanyo wa vitu vyote ambavyo chembe jenzi zao ni sawa kwa umbo na sawa kwa mchanganyiko wa dutu. Yote mengine, yaani rangi, ukubwa, ung'avu, umbo la nje, hufanya aina ndani ya spishi, wala hayafanyi spishi mpya. Kwanza mpaka, ndipo jina. Shorli ya kijani ikawa epidoti, kutokana na neno la Kiyunani la nyongeza, kwa kuwa upande mmoja wa kitako chake umezidi mwingine. Shorli ya zambarau, ambayo kingo zake ni kali, ikawa aksinaiti, kutokana na neno la shoka. Shorli ya buluu ikawa anatasi, yaani iliyorefuka. Ile ya volkano ikawa pairoksini. Shorli yenyewe imebaki hadi leo kuwa jina la turmalini nyeusi tu, mahali pake pa haki.

Katika mambo mengine alikwenda kinyume, akaunganisha kilichokuwa kimetengwa. Zumaridi na berili zilikuwa mawe mawili katika soko na katika vitabu. Haüy alipozipima aliona miche ya pembe sita isiyotofautiana, akamwomba mkemia Louis Nicolas Vauquelin azichunguze. Mwaka 1798 Vauquelin alithibitisha kwamba dutu yao ni moja, na zaidi ya hayo akakuta ndani yake oksidi ya elementi isiyopata kujulikana. Kwa kuwa chumvi zake zilikuwa tamu, wahariri wa jarida la kemia la Paris walipendekeza jina la glusini, kutokana na neno la Kiyunani la utamu. Wakemia wengine wakapinga, kwa hoja ya haki kabisa: chumvi za itria nazo ni tamu, basi utamu hauwezi kuwa alama ya kimoja kati yao. Likapendekezwa jina la kutokana na berili. Ubishi huo ulidumu zaidi ya karne. Wafaransa waliendelea kusema glusini hata wakati ambapo Wajerumani na Waingereza wamekwisha zoea berili, na ni katikati ya karne ya 20 tu ndipo jumuiya ya kimataifa ya wakemia ilipoamua kwamba elementi hiyo ni beriliamu. Sifa inayoshirikiwa na vitu viwili si msingi mzuri wa jina la kimoja, na ubishi wa glusini ni mfano ambao mwalimu aweza kuutumia darasani.

Yakuti nayo ina kisa chake, na hapa Kiswahili hakina cha kuonea haya. Kwa lugha za Ulaya jiwe jekundu lilikuwa na jina lake na la buluu jina lake, kana kwamba ni vitu viwili. Romé de l'Isle alikuwa amekwisha yaweka pamoja kabla ya Haüy, naye Haüy katika kitabu cha 1801 akayapa jina moja la kitaalamu, télésie, yaani kitu kamili. Jina hilo halikuishi. Leo spishi hiyo ni korundumu. Lakini msemaji wa Kiswahili, kwa urithi wa Kiarabu, alikuwa na neno yakuti, akisema yakuti nyekundu na yakuti ya buluu. Nomino kwa dutu, kivumishi kwa rangi. Sidai kwamba masonara wa pwani walipima pembe za fuwele. Nasema tu kwamba muundo wa jina ulikuwa sahihi, na mfasiri anayeuacha ili aingize majina mawili ya kigeni anarudi nyuma.

Haüy alikosea pia, na makosa yake ni ya faida kwetu kama usahihi wake. Pairoksini maana yake ni mgeni wa moto. Alilichagua jina hilo kwa kuwa aliamini kwamba fuwele hizo nyeusi zilizomo katika mawe ya volkano si za volkano: zilikuwapo kabla, zikanaswa na uji wa moto ulipopita. Kumbe ni kinyume. Pairoksini ni wenyeji wa moto hasa; huganda kutoka katika uji huo huo, na huonekana katika mawe ya volkano duniani kote, ya Kilimanjaro yakiwamo. Hata hivyo jina limebaki, wala hapana anayelalamika, kwa kuwa limekwisha kuwa alama tu. Fikiri sasa kama mtu angekuwa ameifasiri maana, akatuandikia vitabuni "mgeni-moto". Kosa ambalo kwa Kiyunani limelala usingizi lingeamka kwa Kiswahili, na kila mwanafunzi angelibeba kama elimu. Kwa sababu hiyo naona majina ya spishi yatoholewe sauti yake, pairoksini, epidoti, nefelini, na maana ya asili ielezwe na mwalimu kama habari, isiwe sehemu ya istilahi.

Mara nyingine maana ilikuwa sahihi na jina likashindwa. Lipo jiwe la buluu ambalo ugumu wake ukikwaruza kwa urefu ni mdogo, na ukikwaruza kwa upana ni mkubwa zaidi. Haüy aliliita disteni, yaani lenye nguvu mbili, jina ambalo lingemsaidia yeyote aliyeshika jiwe hilo na kisu. Abraham Gottlob Werner, mwalimu mkuu wa Freiberg, alikuwa ametangulia kuliita kianaiti, yaani la buluu tu, ingawa lipo pia jeupe na la kijani. Dunia ilifuata kianaiti, na hivyo ndivyo lilivyoitwa hata lilipochimbwa huko Murka, katika nchi ya Taita, Kenya. Wafaransa walibaki na disteni, kwa hiyo mfasiri anayetoka katika Kifaransa, kwa mfano mwenzetu aliyeko Kongo, aangalie asidhani kwamba amekutana na madini mapya.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la msingi. Haüy alishika kwamba kila dutu ina chembe jenzi ya umbo moja, na kila umbo, isipokuwa yale ya ulinganifu kamili kama mchemraba, ni la dutu moja. Aragonaiti ilimsumbua miaka mingi: kemikali yake ni ile ile ya kalsaiti, lakini fuwele zake ni nyingine kabisa. Stromeyer alipokuta strontiamu kidogo ndani ya aragonaiti mwaka 1813, Haüy alipumua. Lakini zikapatikana aragonaiti zisizo na strontiamu. Wollaston wa Uingereza alitengeneza mwaka 1809 kipimapembe kinachotumia mwanga unaoakisiwa na uso wa fuwele, akaonyesha kwamba kalsaiti, dolomaiti na kabonati ya chuma, ambazo Haüy alizipa pembe moja, zinatofautiana kwa kama nyuzi moja au mbili. Haüy alibaki na kipimapembe chake cha zamani, kile cha mikono miwili ya chuma. Kisha mwaka 1819 Mitscherlich wa Berlin akaonyesha kwamba chumvi mbili tofauti zaweza kuwa na fuwele za namna moja. Mzee hakukubali. Hata hivyo ile hesabu ya namba nzima na ndogo haikuanguka pamoja na matofali. Imebaki kuwa kanuni ya elimu ya fuwele, na miale ya eksirei ilipotumika tangu mwaka 1912 kuchungulia ndani ya fuwele, ilikuta mpangilio unaojirudia, kama alivyosema.

Alifariki mjini Paris mwezi Juni 1822, baada ya kuanguka chumbani kwake. Miezi michache kabla alikuwa ametangulia mdogo wake, Valentin, ambaye mwaka 1785 alianzisha Paris shule ya vipofu, ile ambayo Louis Braille alisomea. Mmoja aliwafundisha vipofu kusoma kwa vidole, na mwingine alisoma mawe kwa pembe zake. Madini ya buluu ya volkano za Italia yaliitwa hauini mwaka 1807 kwa heshima ya kaka.

Turudi kwa karani wetu. Haüy alikuwa na maneno mawili ya Kifaransa, moja la spishi na jingine la aina, na hakuyachanganya. Sisi tunayo pia. Spishi limekwisha zoeleka katika vitabu vya elimu ya viumbe, na hakuna sababu ya kulizuia lisiingie katika madini. Aina libaki kwa tofauti za ndani ya spishi, za rangi au sura au matumizi. Kito liwe neno la soko, kwa kuwa hutaja thamani na si dutu. Pale Kiswahili kilipokwisha kuwa na jina, kama zumaridi, yakuti, jasi, magadi na ulanga, litumike, lakini kwanza iamuliwe linataja ngazi gani. Zumaridi ni aina ya berili, ile ya kijani, kama ipatikanayo karibu na Ziwa Manyara. Ulanga si spishi moja bali kundi zima, na ndani yake spishi zitahitaji majina yao.

Tanzanaiti ndiyo inayoleta ubishi mwingi, maana watu huona kwamba kuiita aina ni kuishusha hadhi. Ilipopatikana katika vilima vya Merelani mwaka 1967 ilitambuliwa kuwa zoisaiti, madini ambayo Werner aliyapa jina mwaka 1805 kwa heshima ya mwungwana mmoja wa Ljubljana aitwaye Zois, na ambayo Haüy aliyahesabu kuwa aina tu ya epidoti yake. Jina la tanzanaiti lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York, na inasemekana sababu moja ni kwamba zoisaiti kwa matamshi ya Kiingereza lilikaribia mno neno la kujiua. Ni jina la biashara, zuri na lenye heshima, lakini halikuongeza spishi duniani. Na kuhusu zoisaiti yenyewe, kipimo cha Haüy kimemsahihisha Haüy: fuwele zake zina ulinganifu tofauti na zile za epidoti, na kwa sababu hiyo leo zimetengwa.

Basi safu ile moja ya fomu ifanywe tatu. Kwa jiwe la Longido, penye mwamba iandikwe anyolaiti. Penye spishi ziandikwe zoisaiti na korundumu. Amfiboli haitoshi hapo, kwa kuwa jina hilo la Haüy limepanuka tangu siku zake likawa la kundi, na mpimaji wa maabara ndiye atakayesema ni spishi ipi. Penye aina iandikwe yakuti nyekundu. Na kwa lile jiwe la Merelani, mwamba huachwa wazi kama kito kimeletwa peke yake, spishi ni zoisaiti, aina ni tanzanaiti.